Keria ya Namba Mia Moja na Kumi na Mbili

Wewe umewahi kumwona mtu mzima, mwenye mvi na duka la saruji, akiogesha pikipiki kwa shampuu ya watoto? Mimi nimemwona. Ile shampuu ya chupa ya njano, isiyouma macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama tunavyokaa wanawake tukiogesha kichanga, kitambaa laini mkononi. Anapaka, anasuuza, anafuta, anainamisha kichwa kutazama kama kuna doa, anafuta tena. Nikajisemea, Balbina, miaka sabini na minne na bado kuna mambo hujayaona.

Lakini nimeruka mbele. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana habari hii inaanza na miti.

Mjukuu wangu Evod ana miaka thelathini na miwili. Ni fundi wa kuchomelea hapa Ifakara, ana karakana yake kwenye barabara ya kwenda Kibaoni. Anatengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, lakini kinachomlisha hasa ni keria za pikipiki. Kwa asiyelijua bonde letu la Kilombero, niseme hivi: huku pikipiki haiingii nyumbani bila keria. Mtu akinunua mpya, nailoni bado imo kwenye kiti, anaisukuma moja kwa moja hadi kwa Evod afungiwe chuma cha nyuma. Mpunga utatokaje shambani? Gunia moja la mpunga, juu yake mkungu wa ndizi, juu ya ndizi jogoo amefungwa miguu. Pikipiki isiyo na keria kwetu tunaiona kama haijamaliza kuzaliwa.

Wiki aliyozaliwa Evod, babu yake, marehemu mume wangu Maximilian, alipanda miche sitini ya mitiki kwenye shamba letu la Mkula, chini ya milima. Aliipanda mwenyewe, kwa kamba, mistari imenyooka kama madawati. Akasema, "Hii ni ya huyu. Ikikomaa aivune, anunue kitu kimoja cha maana, atakachochagua mwenyewe. Lakini pesa haitoki mpaka Balbina aseme ndiyo." Basi neno likabaki limening'inia shingoni kwangu miaka yote hiyo. Mwaka jana, masika yalipokwisha, wanunuzi wakaja na misumeno. Mti wa mwisho ulipolala nililia kidogo, nikamsalimia Maximilian kimoyomoyo. Zikapatikana milioni thelathini na moja.

Mimi nilitegemea Evod atasema mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa nimeshaijenga kichwani, na banda lake, na bati za rangi ya bluu. Jioni moja nikapika wali na kitoga wa nazi, samaki anayempenda kuliko wote. Akakaa, akamtazama yule samaki, hakumgusa.

"Bibi, nimeona pikipiki."

"Dunia nzima imeona pikipiki. Kula."

"Sio hizi zetu. Ipo moja kwa Mzee Abdulnasir, yule wa duka la saruji. Ya mbio, zile za kwenye mashindano. Toleo maalumu, Bibi! Zimetengenezwa mia tatu tu ulimwengu mzima, na moja ipo hapahapa Ifakara, stoo, nyuma ya saruji!"

"Shilingi ngapi?"

Akamgeuza samaki upande wa pili, kana kwamba bei imeandikwa huko.

"Arobaini na mbili."

"Laki arobaini na mbili? Kwa pikipiki?"

"Milioni, Bibi."

Nikaweka kijiko chini taratibu. Mimi si mtu wa kupiga kelele, nilikuwa hivyo tangu nikiwa msichana. Nikamwuliza pikipiki ya namna hiyo, lakini isiyo ya toleo maalumu, inauzwaje. Akasema Dar es Salaam iko kwa thelathini. Injini ni ileile, fremu ni ileile, kasi ni ileile.

"Kwa hiyo hizo kumi na mbili za juu ni za nini?"

"Za namba."

"Namba gani?"

"Kuna kibao kidogo cha chuma kwenye tangi. Kimeandikwa mia moja na kumi na mbili kati ya mia tatu. Halafu rangi yake ya peke yake. Ekzosi ya titani. Na ni nyepesi kuliko mwenzake kwa kilo tisa."

"Milioni kumi na mbili kwa kupunguza kilo tisa! Mimi nikiacha chai ya maziwa miezi miwili zinatoka bure."

"Bibi, ni namba. Mtu mwenye mia moja na kumi na mbili ni mmoja tu duniani."

"Na mimi Balbina niko mmoja tu duniani. Jana sokoni nimeuziwa nyanya bei ya kila mtu."

Alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kitoga akabaki mzima. Hapo ndipo nilipojua ugonjwa umeingia. Mtoto huyu aliwahi kula kitoga akiwa na malaria. Nikamwambia, kesho nipeleke nikaione. Nia yangu, nisikufiche, ilikuwa kwenda kuitazama vizuri halafu nikatae. Ukimkatalia mtu kitu ambacho hujakiona, atasema una roho mbaya maisha yake yote.

Basi kesho yake ndiyo nikaikuta ile shampuu.

"Shikamoo, dada," alisema Abdulnasir akijinyanyua kwa kushika ukuta. Yeye kwao ni pwani, baba yake alikuja huku na biashara ya nguo zamani sana, lakini amezaliwa Ifakara hiihii. Ninamzidi miaka minane.

"Marahaba. Kaa, usiinuke. Mtoto usimwache na povu machoni."

Mkewe Mboni akaangua kicheko kutoka mlangoni. "Mwambie, mama! Jihan binti yetu hajawahi kuoshwa na baba yake hata siku moja. Hii ndiyo inaoshwa kila Ijumaa na Jumanne."

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Nilitegemea pikipiki, nikaona mdudu. Mbele ina macho mawili membamba yaliyokasirika. Tumbo limejaa, kiuno kimebana, mkia umeinuka juu kama wa nyigu anayetaka kuuma. Rangi yake ni nyekundu, lakini si ile nyekundu ya ndoo. Ni nyekundu ya ndani ya komamanga, na mstari mweupe unaotoka machoni, unapita kiunoni, unaishia mkiani bila kukatika. Pembeni kuna vipande vyeusi vya kaboni. Nikiinama karibu naona vimesukwa kama ukili wa mkeka. Na pale kwenye tangi, kile kibao. Nilivaa miwani. 112/300. Nikakigusa kwa kidole kimoja. Kilikuwa cha baridi.

Kiti ni kimoja tu, cha dereva. Nyuma yake hakuna kitu, ni mkia mtupu.

"Abiria anakaa wapi?" niliuliza.

"Toleo hili halina abiria," Abdulnasir akajibu. "Hiyo ya kawaida ndiyo ya abiria. Hii ni ya mtu mmoja."

Mimi nina tabia ya kuangalia vitu vidogo. Maximilian alikuwa ananicheka, anasema nitahesabu hata mbegu za papai. Nikaona juu ya rafu kuna helmeti mbili. Moja ya zamani, imekwaruzika kidevuni. Ya pili mpya kabisa, ile karatasi ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kioo. Helmeti mbili, kiti kimoja. Nikaliweka hilo akiba.

"Iwashe basi, mzee," Evod akasema.

Abdulnasir akaingiza ufunguo, akabonyeza.

Ee Mungu wangu! Nilidhani nitasikia kelele. Haikuwa kelele. Ilianza chini, kama mashine ya mpunga inapopata moto, halafu ikapanda, ikanyooka, ikawa sauti moja safi. Vikombe kwenye sinia alilolishika Mboni vikaanza kugongana vyenyewe. Nilihisi mtetemo unaingia kwenye nyayo, unapanda magotini, na magoti yangu haya yanayolalamika kila asubuhi yakanyamaza. Abdulnasir akaipiga gesi mara moja, fupi. Nikapiga kigelegele! Sijui kilitoka wapi. Mwanamke mzima, mjane, mwanachama wa chama cha kina mama parokiani, nimepiga kigelegele ndani ya stoo ya saruji.

"Bibi!" Evod akanishika mkono.

"Niache. Tena! Ipige tena!"

Aliipiga tena.

Tukazungumza bei. Evod akaanza thelathini, akafika thelathini na moja, akasimama hapo kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Abdulnasir hakusogea. Arobaini na mbili. Hakukasirika, hakubembeleza, wala hakutaka kujua hizo pesa tumezipataje. Nimeuza mpunga na kuku maisha yangu yote, na muuzaji anayetaka kuuza namjua. Huacha mlango wazi kidogo. Huyu alikuwa ameufunga.

Tukarudi, mimi nimekaa upande nyuma ya pikipiki ya Evod, ile yake ya kawaida yenye keria. Tulipofika kwenye mnada wa mitumba nikamwambia sikioni, "Nina magunia kumi na matano ya mpunga ndani."

"Ya nini, Bibi?"

"Bei ikipanda mwezi ujao..."

Akasimamisha pikipiki katikati ya watu. "Bibi! Wewe si ulikuja kukataa?"

"Nani kasema nimekataa? Nimesema nina mpunga. Twende, watu wanatuangalia."

Usiku sikulala vizuri. Ile sauti ilikuwa bado inatembea miguuni. Lakini asubuhi akili ikarudi, nikaona mpunga ule ni wa kula na wa mbegu, na kumi na mbili ni kumi na mbili. Nikamwambia Evod, tunarudi Ijumaa baada ya swala, tunapeleka thelathini na moja na maneno mazuri. Ikikataliwa, nitasema hapana, na utalikubali. Akasema sawa. Lakini nikamwona anaingia karakana na tepu mkononi.

Siku tatu alifanya kazi amefunga mlango. Nilisikia msumeno, nikaona moto wa kuchomelea ukipita kwenye upenyo wa mlango. Nikaacha. Mtu akiwa na kazi yake mkononi simsemeshi.

Ijumaa tukaenda. Evod amevaa shati la Jumapili, amebeba kitu kimefungwa kwenye blanketi. Abdulnasir alikuwa ametoka msikitini, kanzu nyeupe, amekaa nje ya duka. Kabla hatujaanza maneno Mboni akasema, "Baba Jihan, mteja hanunui kitu bila kujaribu. Mpe kijana azunguke."

Nilidhani atakataa. Lakini akasema, "Hadi Kibaoni na kurudi. Gia ya kwanza iache haraka, haipendi kushikiliwa. Na lami ile umeiona ilivyo nyoofu, usilewe."

Akamletea helmeti. Hakuchukua ile ya zamani. Alichukua mpya, akabandua ile karatasi kwa ukucha, polepole, akamvika Evod kwa mikono yake na kumfunga kidevuni. Ikamkaa sawasawa.

Evod akatoka.

Sisi tunaokaa hapa tunaijua barabara hii tangu ilipokuwa vumbi kiangazi na tope masika, safari ya kwenda Kidatu unafika umekuwa mwekundu hadi kope. Sasa ni lami. Na juu ya lami ile mjukuu wangu akapita kama kitambaa chekundu kilichopeperushwa. Watu wakatoka madukani. Vijana wa bodaboda wakasimama juu ya viti vyao wakipiga miluzi. "Chuma hicho! Chuma!" Mama mmoja wa maandazi akasahau mafuta jikoni. Tulimsikia akienda mbali, sauti inapanda, inakata, inapanda, inakata. Nilikuwa nimeshika kifua kwa mikono miwili, nacheka peke yangu.

Kila ilipokata, ndipo anapobadili gia. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa namtazama Abdulnasir. Hakuwa anatazama barabara. Alikuwa amefumba macho, na ndani ya kandambili, mguu wake wa kushoto ulikuwa unajaribu kuinuka. Sauti ikikata, vidole vinainuka kidogo, kifundo kinagoma. Ikikata tena, vinainuka tena. Ni mguu wa kushoto unaobadili gia.

Nikamgeukia Mboni, nikanong'ona, "Mguu ule ulipatwa na nini?"

"Alianguka ngazini, mama, humu stoo. Mwaka wa nne sasa. Ukaungwa vibaya, haukunji. Hajaipanda tena."

"Na lami, ilifika kabla au baada?"

Mboni akanitazama. "Baada ya kuanguka."

Evod akarudi. Alipovua helmeti uso wake ulikuwa kama wa siku ya komunio ya kwanza. Alisema tu, "Mzee. Mzee. Mzee."

"Nimekusikia," Abdulnasir akasema. "Ya tatu uliivuta kidogo. Lakini una mkono mzuri." Na kwa mara ya kwanza nikaona mlango wake umeacha upenyo.

Hapo Evod akafanya kosa lake.

Akafungua lile blanketi. Ndani mlikuwa na keria. Na ilikuwa keria, jamani! Ya bomba nyembamba, viungo vimesuguliwa mpaka huoni palipochomelewa, imepakwa nyekundu ileile ya komamanga, na mstari mweupe katikati unaoendelea na ule wa mkiani. Aliinyanyua kwa mikono miwili kama anatoa sadaka.

"Nimeitengenezea, mzee. Ili ujue sichezi. Inabeba kilo mia mbili."

Abdulnasir akasimama bila kushika ukuta.

"Hiyo ni nini?"

"Keria, mzee."

"Keria? Juu ya namba mia moja na kumi na mbili? Unataka kupakia mpunga kwenye pikipiki ambayo mia tatu tu... Mboni! Njoo uone! Anataka kuweka jogoo juu ya titani!"

"Mzee, sijasema jogoo..."

"Leo hukusema! Kesho utaning'iniza na samaki! Hamsini! Bei ni hamsini! Na ukiitazama tena ni sitini!"

Vijana wa bodaboda wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Evod, na kengele ya mbuzi utafunga wapi?" Uso wa mjukuu wangu ukasawijika. Akaanza kuifunga keria kwenye blanketi. "Twende, Bibi. Basi. Nunua mashine ya mpunga."

"Kaa," nikamwambia.

"Bibi, twende."

"Evod, nimesema kaa. Mboni, mwanangu, ile chai iko tayari?"

Tukakaa. Nimeishi na watu wenye hasira, hasira huchoka ukiinywea chai. Nikanywa kikombe kizima, chenye iliki, bila neno. Abdulnasir akawa anafuta tangi kwa kitambaa palepale pasipo na doa lolote. Nikaongeza kikombe cha pili. Mboni, akinimiminia, akasema kwa sauti ambayo mumewe ataisikia, "Juzi amekuja mtu kutoka Dar na arobaini na mbili taslimu. Akamwambia imepanda, ni arobaini na tano. Yule akasema sawa. Akamwambia basi haiuzwi."

"Mboni," Abdulnasir akaonya.

"Nasema uongo?"

Nikaweka kikombe chini. "Evod, lete hiyo keria. Inafungwaje? Umetoboa wapi?"

"Sitoboi popote," akasema, bado ameinamisha kichwa. "Chini ya mkia kuna matundu manne yamezibwa kwa vifuniko vya mpira. Kwenye ile ya kawaida kiti cha nyuma kinafungwa hapo. Fremu ni moja. Ni bolti nne, kufunga dakika tano, kufungua dakika tano. Ukiitoa, hutajua iliwahi kuwepo."

Kitambaa cha Abdulnasir kikasimama.

"Iweke hapa," nikasema, nikaonyesha viroba viwili vya saruji vilivyoachana. Akailaza juu yake. Nikainuka, nikajifunga kanga vizuri, nikakaa juu ya keria, mimi na kilo zangu sabini na moja za mzani wa zahanati. Nikajitikisa. Nikajitikisa tena. Wale vijana wakaanza kushangilia, "Bibi! Gia! Weka gia!" Haikulia hata kidogo.

"Gunia la mpunga halilalamiki," nilimwambia Evod, "lakini chuma hiki mimi kinaniuma. Ingekuwa mtu, ungefanyaje?"

"Ningeweka sponji, na ngozi juu." Akanitazama bila kuelewa.

"Na miguu?"

"Pa kukanyaga, huku na huku."

"Na kama mguu mmoja haukunji?"

Evod ni fundi. Jambo usilomweleza kwa maneno analielewa kwa chuma. Aligeuka, akautazama mguu wa kushoto wa Abdulnasir, akautazama kama anavyotazama dirisha lililopinda. Akatoa tepu mfukoni. Akapiga goti kwenye vumbi la saruji na shati lake la Jumapili, akapima kutoka nyongani hadi kisiginoni, juu ya kanzu, na mzee wa watu akasimama tu, akakubali kupimwa.

"Unapima nini?" aliuliza, lakini sauti haikuwa na hasira tena.

"Pa kukanyaga, mzee. Wa kushoto nitausogeza mbele, sentimita ishirini hivi. Utanyooka hivyohivyo ulivyo."

Mboni alikuwa ameshika birika hewani. Nikaiangalia ile helmeti mpya kando ya Evod, iliyonunuliwa na mtu kwa kichwa ambacho alikuwa bado hajakipata.

"Abdulnasir, mdogo wangu," nikasema. "Arobaini na mbili si bei, ni komeo. Pesa umeletewa ukazikataa. Sasa sema unataka nini."

Akagusa kile kibao cha namba kwa kidole kimoja, kama nilivyokigusa mimi.

"Thelathini," akasema. "Kama ile ya kawaida. Hizo za juu hazina kazi kwangu."

"Hiyo ni bei. Mimi nimekuuliza unataka nini."

Alitazama barabara. Lami ilikuwa inametameta kwa jua la alasiri, imenyooka kuelekea milimani, na vijana walikuwa bado wamesimama pembeni wanasubiri, kana kwamba wanajua.

"Nataka kukaa nyuma," akasema. "Hadi Mkula na kurudi, kila Ijumaa. Nataka nikae nyuma, mtu anibadilishie gia, nisikie inavyokwenda juu ya lami. Na asiendeshe kama amebeba mgonjwa."